Maswali ya Wasomaji: Kemia ya Majani, Mvua na Uoto

Toleo lililopita tuligusia kwamba jani hubeba alama za kikemia za mahali lilipoota: mvua yake, mwinuko wake na aina ya mimea inayolizunguka. Barua zilizofuata zimezidi nafasi tuliyo nayo. Tumechagua zile zinazogusa kazi yenyewe, na kwa baadhi tumejibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokwama.

Nafundisha biolojia kidato cha tano na sita. Nimewaambia wanafunzi kwamba kaboni ya jani inaweza kuonyesha kama mmea ulipata maji ya kutosha. Wakaniuliza: kaboni si ni ileile? Nisaidieni kuwajibu. (Mwalimu, Moshi)

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali la msingi. Kaboni ya hewani ina aina mbili zisizooza: nyepesi, yaani kaboni-12, ambayo ni karibu asilimia 98.9, na nzito, kaboni-13, karibu asilimia 1.1. Mmea unapovuta hewa ukaa hupendelea ile nyepesi, na upendeleo huo hutokea mara mbili. Kwanza ni kwenye stomata, yaani vitundu vidogo vya jani vya kupitishia hewa, ambako hewa yenye kaboni nyepesi hupenya haraka kidogo. Pili ni ndani ya jani, ambako kimeng'enya cha rubisko huchagua kwa ukali zaidi. Matokeo huandikwa δ13C, kwa sehemu za elfu (‰), yakilinganishwa na kipimo cha kimataifa kiitwacho VPDB. Hewa ya leo iko karibu na hasi 8.5. Majani yana hasi kubwa zaidi kwa sababu yamepungukiwa na kaboni nzito.

Sasa maji yanaingiaje? Udongo ukikauka, mmea hubana stomata ili usipoteze maji. Hewa ukaa iliyobaki ndani ya jani hupungua, na rubisko haina tena nafasi ya kuchagua, hivyo hulazimika kutumia hata ile nzito. Kiasi ambacho jani limepungukiwa na kaboni nzito kuliko hewa huitwa ubaguzi, na kanuni inayotumika darasani ni hii: ubaguzi = 4.4 + 22.6 × (hewa ukaa iliyo ndani ya jani ÷ hewa ukaa iliyo nje). Mti uliofungua stomata vizuri ukiwa na uwiano wa 0.7 hupata ubaguzi wa karibu 20‰, na jani lake husoma karibu hasi 28. Mti huohuo ukibanwa na ukame hadi uwiano wa 0.5, ubaguzi hushuka kuwa karibu 16, na jani husoma karibu hasi 24. Wape wanafunzi hesabu hiyo waifanye wenyewe. Wataielewa kuliko maelezo yoyote.

Lakini wawekee onyo kubwa ubaoni: kanuni hii ni ya mimea ya kundi la C3 pekee. Humo mna miti karibu yote, kahawa, migomba, maharage, mpunga na ngano. Mahindi, mtama, uwele, miwa, ukoka na nyasi nyingi za mbugani ni C4. Hizo hukamata hewa ukaa kwa kimeng'enya kingine kwanza, kisha huisukuma kwa rubisko ndani ya seli zilizofungwa, kwa hiyo ubaguzi wake ni mdogo. Husoma kati ya hasi 10 na hasi 16, na ukame hauzisogezi sana. Mnanasi na mkonge ni kundi la tatu, CAM, ambalo hufungua stomata usiku na linaweza kusoma popote katikati. Mtu akipima udongo wa mbugani akapata hasi 20, asikimbilie kusema kulikuwa na ukame. Mara nyingi ni mchanganyiko tu wa majani ya miti na nyasi.

Mambo mengine mawili huhamisha namba bila mvua kubadilika. Mwinuko ni la kwanza: katika milima mingi ya dunia majani ya C3 hupungua hasi kwa takribani 1‰ kila mita 1,000 unazopanda. La pili ni kivuli. Chini ya msitu mnene, kama ule wa Ituri nchini Kongo, mwanga ni hafifu na hewa imejaa hewa ukaa inayotoka kwenye udongo na majani yanayooza, ambayo tayari ni nyepesi. Mimea ya huko chini husoma hata hasi 34 au zaidi, ilhali majani ya juu ya miti mirefu ya msitu huohuo yana hasi ndogo kwa ‰ kadhaa. Mwanafunzi akichuma jani la chini upande mmoja na la juu upande mwingine, atapima kivuli akidhani amepima mvua.

Kuna mashamba ya mahindi kando ya hifadhi yetu. Wazee wanasema pale palikuwa msitu, wengine wanasema palikuwa uwanda wa nyasi tangu zamani. Je, udongo unaweza kuamua? (Afisa misitu, Lushoto)

Unaweza, kwa sharti kwamba uchimbe mashimo mawili, na si moja.

Majani na mizizi inayooza huacha kaboni yake udongoni. Msitu huacha alama ya karibu hasi 27, mahindi na nyasi za C4 huacha karibu hasi 12. Msitu ukikatwa na mahindi yakapandwa, tabaka la juu huanza kuelekea hasi 12 mwaka hadi mwaka, huku tabaka la chini likibaki na kumbukumbu ya msitu. Kama palikuwa na nyasi tangu zamani, alama ya C4 itaonekana hadi chini. Chimba shimo la mita moja shambani, chukua sampuli kila sentimita 10, kisha chimba shimo lingine la namna hiyohiyo ndani ya msitu ambao haujaguswa, penye mteremko na udongo unaofanana. Hilo la pili ndilo watu huliacha ili kuokoa gharama, na ndilo linaloharibu kazi. Hata katika msitu safi, kaboni ya udongo hupungua hasi kwa ‰ 1 hadi 3 kadiri unavyoshuka, kwa sababu ya kuoza kwenyewe na kwa sababu hewa ya zamani haikuwa na moshi wa makaa na mafuta. Kabla ya viwanda hewa ilikuwa karibu hasi 6.5. Bila shimo la kulinganisha utaita nyasi kile ambacho ni uozo wa kawaida.

Hesabu yake: tuseme kwenye sentimita 10 za juu shamba linasoma hasi 20.5, msitu kwenye kina hichohicho hasi 26.5, na mabua ya mahindi yenyewe hasi 12. Toa: 26.5 − 20.5 = 6. Toa tena: 26.5 − 12 = 14.5. Gawanya 6 kwa 14.5 upate 0.41. Asilimia 41 ya kaboni ya tabaka hilo imetoka kwa mahindi au nyasi.

Njia hii haioni kitu pale msitu ulipogeuzwa kuwa chai, kahawa au migomba, maana yote ni C3. Na angalia mwinuko wako. Katika milima ya Afrika Mashariki nyasi za C4 hutawala chini ya mita 2,000 hivi, na ukifika mita 3,000 karibu nyasi zote ni C3. Uwanda wa nyasi wa juu sana unaweza kusoma kama msitu. Ukiwa kwenye udongo wenye chokaa, kama ule wa mwambao juu ya matumbawe, osha sampuli kwa asidi hidrokloriki isiyo kali kabla ya kupima, la sivyo kaboni ya chokaa itavuta namba juu na utadhani ni nyasi.

Tunataka kulinganisha majani ya miti kutoka uwanda wa chini hadi msitu wa mlimani. Tunachumaje, tunakaushaje, na kiasi gani kinatosha? (Wanafunzi wa shahada ya kwanza, Morogoro)

Hapa ndipo data nyingi hufia, kabla hazijafika maabara. Tutaenda taratibu.

Kibali kwanza. Tanzania, vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hifadhi au msitu wa serikali una ruhusa yake ya ziada. Anzeni mapema, kwa sababu jani halisubiri barua.

Chagueni miti mitano ya kila spishi katika kila mwinuko. Kutoka kila mti chumeni majani 10 hadi 20 kwenye matawi yasiyopungua matatu, yote yakiwa yanapigwa na jua moja kwa moja. Mti mrefu mtaufikia kwa mkasi wa mpini mrefu, au kwa kurusha uzi kwa manati juu ya tawi kisha kulivuta. Jani liwe limekomaa na kukakamaa, halijaanza kugeuka njano. Majani yaliyoanguka yasichanganywe kabisa na mabichi: kabla ya kuangusha jani, mti hurudisha karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi yake mwilini. Andikeni spishi, mwinuko, upande wa mteremko, tarehe na urefu wa tawi kutoka ardhini. Tumieni penseli, kwa sababu wino wa kalamu hutiririka karatasi ikilowa.

Futeni vumbi, kuvu-mwani na mwani kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochujwa kimaabara. Msiloweke majani, maana potasiamu hutoka haraka. Siku hiyohiyo pigeni picha ya majani mabichi matano yakiwa yamelazwa juu ya karatasi nyeupe pamoja na rula, mpate eneo lake. Halafu yaingie kwenye bahasha za kaki. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, na kwenye joto la Morogoro ukungu huota ndani ya siku moja. Ukungu hula sukari na kubadilisha uwiano wa kaboni na naitrojeni. Kausheni kwenye oveni kwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa saa 48, au hadi uzito usipungue tena. Msipandishe joto ili kuwahi, kwa sababu baadhi ya naitrojeni huanza kupotea.

Kabla ya kusaga, pimeni uzito wa yale majani matano. Jani lenye eneo la sentimita 40 za mraba na uzito mkavu wa gramu 0.48 lina gramu 120 kwa mita ya mraba. Namba hii ni rahisi kuliko zote na ina thamani kubwa. Mtaiona ikipanda kadiri mnavyopanda mlima: huko juu kuna baridi na ukungu, virutubisho hutoka taratibu kwenye udongo, na mti hujenga jani nene, gumu, linaloishi muda mrefu. Msiporipoti uzito kwa eneo mtaona naitrojeni kwa asilimia ikishuka na kuhitimisha kwamba jani la mlimani ni dhaifu, ilhali ukihesabu kwa mita ya mraba tofauti hupungua sana.

Sagani hadi unga laini. Kwa kipimo cha kaboni na naitrojeni pamoja, miligramu 2 hadi 3 zinatosha ndani ya kikopo kidogo cha bati: kaboni ni karibu asilimia 45 ya jani, lakini naitrojeni ni asilimia 1 hadi 3 tu, na ndiyo inayoamua kiasi. Fosforasi hupimwa kando na huhitaji zaidi, hivyo wekeni akiba ya gramu 2 kwa kila sampuli. Mkipata uwiano wa naitrojeni kwa fosforasi unaozidi 16 kwa uzito, ni dalili kwamba fosforasi ndiyo inayobana. Misitu ya bondeni yenye udongo mwekundu uliooshwa na mvua kwa zama nyingi husoma hivyo mara nyingi. Mlimani naitrojeni ndiyo huwa adimu zaidi.

Kwa nini miombo hutoa majani mekundu kabla mvua hazijaanza? Maji yanatoka wapi? (Mfugaji wa nyuki, Tabora)

Wekundu huo ni antosiani, rangi ileile iliyo kwenye ganda la kitunguu chekundu. Jani changa lina klorofili kidogo na halijaweza kutumia jua lote linalolipiga mwezi wa Septemba na Oktoba, msitu ukiwa wazi. Antosiani hupunguza mwanga unaofika ndani. Wapo pia wanaoeleza kwamba inawafukuza wadudu wala majani, na sababu hizo mbili hazipingani. Klorofili ikijaa, rangi hufifia na jani huwa kijani, mara nyingi mvua zikiwa ndiyo kwanza zinakaribia.

Maji ni ya akiba: yaliyo kwenye shina, na yale ya udongo wa chini ambayo mizizi mirefu huyafikia, yaliyonyesha msimu uliopita. Kwa mtafiti jambo hili ni zito. Nta ya jani hutengenezwa zaidi jani linapokuwa linapanuka, na ndani yake hufungwa haidrojeni ya maji ambayo mti ulikuwa unakunywa wakati huo. Kwa hiyo nta ya mwombo inaelekea kubeba alama ya maji ya akiba, wakati nyasi za chini yake, zinazochipua mvua ikishanyesha, hubeba mvua mpya. Mimea miwili katika eneo moja, na kalenda mbili tofauti.

Nasikia wanasayansi walichoma bomba kwenye Ziwa Chala, wakatoa tope, na kwa nta ya majani wakajua mvua ya maelfu ya miaka. Inawezekanaje nta isioze? Na wana uhakika gani? (Msomaji, Taveta)

Uchimbaji mkubwa ulifanyika mwaka 2016. Chala ni ziwa la kreta, lenye kina cha zaidi ya mita 90, na maji yake ya chini hayana oksijeni, hivyo tope hutua tabaka juu ya tabaka bila kuvurugwa na wanyama wa chini. Nta ya majani ni minyororo ya kaboni na haidrojeni tu, isiyoyeyuka kwenye maji na isiyo na kitu ambacho bakteria hukivamia kwa urahisi. Jani lenyewe huoza. Nta husombwa na mto, upepo na moshi wa moto wa nyika, ikazama.

Nta hiyo hutoa habari mbili, na ni lazima zisomwe pamoja. Kaboni yake inasema ni mimea gani: nta ya miti husoma karibu hasi 35, ya nyasi za C4 karibu hasi 21. Haidrojeni yake inafuata mvua. Katika tropiki mvua nyingi kwa kawaida huwa na haidrojeni nzito pungufu kuliko mvua haba, na mmea ukitengeneza nta huipunguza tena kwa karibu 120‰. Mvua ya hasi 20 hutoa nta ya karibu hasi 138. Kwa njia hii Jessica Tierney na wenzake walichapisha mwaka 2008 historia ya mvua ya miaka 60,000 kutoka tope la Ziwa Tanganyika. Walionyesha jinsi eneo lilivyokauka wakati wa kilele cha zama za barafu, kisha likapata mvua nyingi katika kipindi kile ambacho hata Sahara ilikuwa na maziwa.

Kuhusu uhakika, mitego ipo, na wataalamu wazuri huitaja. Nyasi hupunguza haidrojeni nzito kwa kiasi kikubwa kuliko miti, mara nyingi kwa ‰ 10 hadi 30. Msitu ukigeuka kuwa mbuga, haidrojeni ya nta hubadilika hata mvua isipobadilika, ndiyo maana kaboni lazima ipimwe kwenye nta hiyohiyo. Mtego wa pili uko ufukweni. Mafunjo ni C4 ilhali matete ni C3, na yote hukua majini. Ziwa likizungukwa na mafunjo, tope lake litaonyesha C4 nyingi na mtu atasema palikuwa nyika kavu, wakati palikuwa na kinamasi.

Mtego wa tatu ndio unaotuvutia zaidi. Katika utafiti wa mwaka 1997 uliohusu maziwa ya Mlima Kenya, mojawapo likiwa Sacred Lake lililo kwenye mita 2,350 ambako leo ni msitu, F. A. Street-Perrott na wenzake walionyesha alama ya C4 ikipanda juu mlimani wakati wa zama za barafu. Ukame ulichangia, lakini hewa nayo ilikuwa tofauti: hewa ukaa ilikuwa karibu sehemu 190 kwa milioni, ikilinganishwa na 280 kabla ya viwanda na zaidi ya 420 leo. Hewa ukaa ikiwa haba hivyo, miti ya C3 hupata taabu na nyasi za C4 hupata nafasi. Kwa hiyo nyasi zikiongezeka kwenye tope la kale, mvua siyo mshukiwa pekee.

Nimetoa nta kwenye majani 12 ya mti mmoja. Kromatografu (mashine inayotenganisha kemikali na kuchora kila moja kama kilele) imeonyesha kilima kipana katikati badala ya vilele vinavyotengana, na minyororo shufwa ni mingi karibu sawa na witiri. Mti wangu una kasoro? (Mwanafunzi wa uzamili, Nairobi)

Mti wako hauna kasoro; sampuli imechafuliwa na mafuta. Nta ya mmea wa nchi kavu ina minyororo witiri mingi, hasa ya kaboni 27, 29, 31 na 33. Jumlisha witiri, jumlisha shufwa, gawanya. Ukipata 84 kwa 12, uwiano ni 7, na hiyo ni nta halali. Ukipata karibu 1, umepima dizeli, grisi au mafuta ya mgando. Kilima kipana unachokiona ni alama ya petroli iliyochakaa.

Tafuta chanzo kwa utaratibu huu. Pitisha viyeyushi vyako peke yake kwenye hatua zote, bila jani. Kilima kikionekana, tatizo liko maabara. Vyombo viwe vya kioo tu, vilivyochomwa kwa nyuzi 450 kwa saa kadhaa, na foili ya kufungia majani ichomwe vivyo hivyo. Plastiki, pamoja na vifuniko vya chupa visivyo na tabaka la tefloni, hutoa kemikali zake mara tu inapogusana na kiyeyushi kama diklorometani. Kama maabara ni safi, rudi porini: jani lililochumwa kando ya barabara ya malori lina masizi juu yake, na mkono uliopakwa losheni au mafuta ya mgando huacha zaidi ya nta ya jani lenyewe. Tumia koleo ndogo ya chuma iliyosuuzwa kwa kiyeyushi.

Unapochuma upya, tumbukiza jani zima lililokauka kwenye heksani au diklorometani kwa sekunde 30 hadi 60, chini ya kabati la kuvutia hewa kwa sababu mvuke wake ni sumu. Ukizidisha muda au ukisaga jani, mafuta ya ndani ya seli na klorofili vitatoka pia na kukuongezea kazi ya kusafisha. Pitisha kwenye safu fupi ya jeli ya silika kwa heksani pekee. Sehemu ya kwanza inayotoka, isiyo na rangi, ndiyo yenye minyororo unayoitafuta. Ikitoka na unjano, safu yako ni fupi mno au umemimina haraka, rudia kabla ya kuingiza kwenye mashine.